Somo: Kuvisha ukuta wa nje paneli za vinili, Malindi na Lamu

Haya jamani, maswali ya vinili yamezidi, tuyamalize hapa. Vinili ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba. Mchwa haili, kutu haishiki. Adui zake ni joto na fundi anayependa kukaza.

1. Ukuta kwanza. Bloku kavu za simenti, endelea. Nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, iache. Ukuta ule hunywa unyevu na kuutoa. Ukiufunika, maji na chumvi hubaki ndani na plasta hubambuka. Tena vinili haizuii maji yote. Masika yakija na kusi, mengine hupenya nyuma, kwa hiyo ziba nyufa kabla, na vile vitundu vya chini ya paneli usivipake silikoni: ndiyo njia ya maji kutokea.

2. Dukani. Usichukue chini ya unene wa milimita 1, 1.2 ni afadhali. Chagua nyeupe au krimu. Rangi iliyokoza inavutia kwenye picha, lakini ukuta wa magharibi jua la alasiri litaionyesha kazi.

3. Kupiga. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibika. Paneli ya futi 12 inaweza kurefuka hata nusu inchi baina ya baridi kali na joto kali. Kwetu baridi kali hakuna, lakini joto lipo. Msumari ukae katikati ya tundu refu la ukingo wa juu wa paneli, kichwa kisibane, kiache kama milimita moja. Mwisho wa paneli, kwenye kona, acha milimita 6. Kisha ishike uisukume kushoto na kulia. Haichezi? Ng'oa msumari, piga upya, hata fundi akinuna. Misumari iwe isiyoshika kutu. Ya kawaida, upepo wa bahari utakuchorea michirizi ya hudhurungi ukutani.

4. Kiasi. Urefu mara kimo, toa milango na madirisha, ongeza asilimia 10 kwa vipande vitakavyopotea katika kukata.

MASWALI

Mama wa Maweni: Fundi, jiko langu la mkaa liko nje, karibu na ukuta. Itakuwaje?
Jibu: Lihamishe, mama. Vinili huanza kulainika karibu nyuzi 70, na ikishajikunja hairudi.

Wa Mkomani, Lamu: Nyumba yetu iko Mji wa Kale. Naruhusiwa?
Jibu: Si bila kuuliza, ndugu yangu. Mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Kabla ya kugusa sura ya nje, nenda ukaulize ofisi ya Makumbusho ya Taifa, wanaosimamia urithi huo. Wewe piga chokaa.

Kijana wa Mambrui: Paneli moja ya mbele imepasuka. Nibomoe zote?
Jibu: Hapana. Kuna kifaa chembamba chenye ndoano: kipitishe chini ya paneli ya juu, uifungue, utoe iliyopasuka. Ila mpya haitafanana na zilizopauka. Hamisha moja iliyojificha, kama ya nyuma ya tangi la maji, uilete mbele, na hiyo mpya ipeleke huko nyuma.