Konfleksi zisilowe kwenye barafu za mtindi

Kwa jua hili la Dodoma, wale mnaowagandishia watoto barafu za mtindi na ubuyu, msimwagie konfleksi kavu kavu, zinanyonya maji zinakuwa kama uji. Yeyusha siagi kijiko kimoja na sukari kidogo, moto mdogo, tia konfleksi kikombe kimoja geuza taratibu mpaka zote zing'ae, ziache zipoe kabisa ndo uchanganye ugandishe kwenye vikombe. Siagi inazuia maji yasiingie haraka, kwa hiyo ukiuma unasikia kabisa zinavyovunjika mdomoni, tamu sana jamani! Ila mtindi uwe mzito, ule wa majimaji zitalowa tu, na umeme ukikatika barafu zikayeyuka hata ukigandisha upya konfleksi zimeshalainika.