Somo: Kukagua kuku usiku, hatua kwa hatua

Kuna kazi moja ambayo wafugaji wengi wa kuku wa nyumbani hatuifanyi, nayo ni kuingia bandani usiku. Sizungumzii kuhesabu na kufunga mlango. Nazungumzia kuingia, kumshika kuku mmoja mmoja, kumpapasa, kumsikiliza, kisha kumrudisha pale pale alipokuwa amelala.

Kuku ni kiumbe anayewindwa, na tena wenzake humdonoa aliye mnyonge. Kwa hiyo mchana anajikaza. Mgonjwa atafuatana na kundi, atainamisha kichwa na kudonoa chini kama anakula, nawe ukiwa mbali unaona wote wazima. Siku utakayomkuta amejikunyata pembeni, manyoya yamemsimama na macho amefumba, ujue ugonjwa ulishamkaa mwilini siku kadhaa. Usiku ni tofauti. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo anatulia na kukubali kushikwa bila kukimbizana uwanja mzima. Na baadhi ya maadui zake mchana hawaonekani kabisa.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na mitetea 11 waliokuwa wakinipa mayai 7 au 8 kwa siku. Yakashuka hadi 3. Vilemba vikapauka. Nikabadilisha chakula, nikawapa dawa ya minyoo, nikaongeza majani, hali ikabaki vile vile. Mmoja akafa juu ya mayai yake akiwa anaatamia. Usiku mmoja nikaingia bandani kufukuza panya, nikashika fito ya kulalia nisiteleze. Nilipoutoa mkono na kuumulika, kiganja kilikuwa na michirizi ya damu kama nimejikata, na vidoa vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa vilikuwa vinapanda kuelekea kwenye kifundo. Damu ile haikuwa yangu, ilikuwa ya kuku, imo ndani ya utitiri, wale wadudu wadogo wanyonya damu, niliowaponda. Nikamulika chini ya fito: wamejipanga kwenye kila ufa. Banda hilo nilikuwa nalifagia kila asubuhi.

Tangu hapo, mara moja kwa wiki naingia usiku. Nafanya hivi.

Hatua ya 1: Anza jioni, wakipanda kulala

Simama pembeni utazame wanavyopanda. Kila kuku ana nafasi yake na zamu yake, na ukizoea utawajua. Mtafute anayepanda wa mwisho wakati zamani alikuwa wa kwanza, anayejaribu kuruka akashindwa, anayebaki sakafuni au kujikunja kwenye kiota. Kuku aliyezoea fito ya juu akianza kulala chini, usipuuze. Huyo ndiye utakayemshika kwanza. Lakini kama wote wanasitasita mlangoni hawataki kuingia, tatizo liko bandani. Mara nyingi ni utitiri, au kuna mnyama aliyewatembelea usiku uliopita.

Hatua ya 2: Sikiliza na unuse kabla ya kuwasha taa

Acha giza likae kama saa nzima. Ingia polepole, simama dakika 2 bila kumulika. Kuku wazima waliolala huwa kimya. Ukisikia kukoroma, chafya, au mluzi mwembamba kila anapovuta pumzi, kuna shida ya njia ya hewa, na gizani utaweza kufuata sauti hadi umfikie mwenyewe.

Hapo hapo nusa. Harufu kali inayochoma macho ni amonia inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa. Kumbuka wewe unainusa ukiwa umesimama, wakati kuku yuko karibu na sakafu usiku kucha. Hewa hiyo huunguza njia zao za pumzi, na mafua hupata mlango. Ondoa matandiko yaliyolowa, weka makavu, na fungua nafasi ya hewa juu, karibu na paa, ili hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga walipolala.

Hatua ya 3: Futa fito kwa kitambaa cheupe

Chukua kitambaa cheupe, kipitishe kwa nguvu upande wa chini wa fito, na hasa pale miisho inapokaa ukutani. Kikitoka na michirizi myekundu, una utitiri. Kabla ya kunyonya huwa wa kijivu. Wakishiba wanakuwa wekundu. Mchana hujificha kwenye nyufa, chini ya viota, nyuma ya mbao. Usiku hutoka, hunyonya, hurudi. Ndiyo maana mtu anampaka kuku dawa wiki nzima na hakuna kinachobadilika: wakati ule wadudu wako ukutani, hawako kwa kuku.

Kwenye joto, utitiri hutoka yai hadi kuwa mkubwa kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, na wanaweza kukaa miezi bila chakula. Kwa hiyo kuhamisha kuku wiki 2 na kuwarudisha hakusaidii. Kinachosaidia ni kung'oa fito zote, kuzimwagia maji yanayochemka, kukwangua kila ufa, kupuliza dawa ya utitiri inayoruhusiwa kwenye mabanda ya kuku, na kurudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Rudia tena mara ya tatu hata kama huoni kitu. Mimi sasa fito zangu hazipigiliwi misumari. Zinakaa kwenye vishikizo ili nizitoe kwa dakika moja.

Hatua ya 4: Mshike kuku

Weka viganja juu ya mabawa yote mawili, mwinue, mbane kwapani kichwa kikitazama nyuma yako. Sasa mkono mmoja uko huru.

Anza na gole, ule mfuko chini ya shingo. Jioni linatakiwa liwe limejaa. Tupu kabisa maana yake hakula, kuna anayemzuia au anaumwa. Mwenye gole gumu kama mpira mkague tena alfajiri kabla hajala: likiwa bado gumu, chakula kimeziba humo. Likiwa laini kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, hilo ni tatizo jingine, limechachuka.

Shuka kwenye kidari. Mfupa wa katikati unatakiwa uusikie, lakini uwe na nyama kila upande. Ukiushika ukawa kama makali ya kisu, kuku huyo anakonda, haijalishi manyoya yake yanapendeza kiasi gani. Manyoya hudanganya sana. Nimewahi kumshika kuku niliyekuwa namsifia kwa ukubwa nikakuta mkononi hana uzito.

Tenga manyoya chini ya mkia, karibu na tundu la kutolea kinyesi. Vidudu vya rangi ya majani makavu vinavyokimbia mwanga ni chawa, na mayai yao hushikamana kama bonge jeupe kwenye mashina ya manyoya. Tofauti na utitiri, chawa huishi kwa kuku maisha yao yote, kwa hiyo hapa dawa inapakwa kwa kuku mwenyewe, kisha unarudia baada ya siku 7 hadi 10 kwa vile dawa nyingi haziui mayai.

Malizia kwenye miguu. Magamba yalale bapa. Yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko mweupe, kuna wadudu wadogo wamechimba chini yake. Geuza unyayo: kidonda chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe ni jipu la unyayo, mara nyingi linatokana na fito zenye vibanzi au kuruka kutoka juu mno kwenda kwenye sakafu ngumu.

Hatua ya 5: Soma kinyesi asubuhi

Tandika gazeti au ubao chini ya fito usiku ule. Asubuhi utaona kinyesi cha kila mmoja chini ya pale alipolala. Cha kawaida ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijani kilichofifia, na kofia nyeupe juu. Katikati utakuta kingine laini, cha kahawia iliyokoza, kinanata na kunuka vibaya. Hicho ni cha kawaida pia, hutoka mara chache kwa siku, na kimewafanya watu wengi wanunue dawa ya kuharisha bila sababu. Cha kukuondoa usingizi ni damu, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6, na maji ya kijani kibichi kwa kuku asiyekula.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Miguu ya jogoo wangu ina huo ukoko. Nimeambiwa nipake oili chafu ya gari au mafuta ya taa. Ni sawa?*

Hapana ndugu yangu, usifanye hivyo. Oili chafu ina sumu inayopenya kwenye ngozi, na mafuta ya taa huunguza. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, usibandue ukoko kwa nguvu. Kausha, halafu paka mafuta ya mgando kwa wingi hadi kati ya vidole. Yanawaziba pumzi wale wadudu. Rudia kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki kadhaa. Magamba mapya huchukua muda kuota, usikate tamaa. Na wapake kuku wote wanaolala naye.

*Dada, kuku wangu 3 wamekufa ndani ya siku 2. Kinyesi kijani, mmoja shingo imepinda. Niwape dawa gani?*

Pole sana. Hizo zinafanana mno na dalili za mdondo, wengine huuita kideri, na hauna dawa ya kuutibu. Nisingependa utumie pesa kwa antibiotiki kwa matumaini. Mwite mtaalamu wa mifugo leo, kwa sababu mafua makali ya ndege nayo yanaweza kufanana hivyo hivyo, na hayo huambukiza hata watu. Usiuze wala kugawa kuku yeyote, hata anayeonekana mzima. Waliokufa wafukiwe shimo refu au wachomwe. Viatu unavyoingia navyo bandani visitoke nje ya uzio. Kundi lijalo lichanjwe. Ile chanjo ya tone la jichoni inayostahimili joto hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na jioni kuku wakiwa wamelala ni wakati mzuri wa kuitoa.

*Mtetea wangu hatoki kwenye kiota siku ya tatu. Nitajuaje kama anataka kuatamia au anaumwa?*

Mpelekee mkono. Anayetaka kuatamia atajitutumua, atanguruma, huenda akakudonoa, na tumbo lake ni la moto na limenyonyoka manyoya. Ana nguvu zake. Mgonjwa hatajali. Ila kuna wa tatu: anayesimama wima mkia umeshuka, anakamua bila kutoa kitu. Huyo yai limekwama. Mweke sehemu ya chini ya mwili kwenye maji ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, mkaushe, muweke mahali pa joto na giza. Usijaribu kulibonyeza yai, likivunjika ndani unaweza kumpoteza. Likikataa kutoka baada ya saa chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

*Nasikia ukiwaingiza kuku wageni usiku hawapigwi. Kweli?*

Inapunguza, haimalizi. Wakiamka pamoja vurugu huwa ndogo kuliko kumtupa mgeni katikati ya kundi saa sita mchana, lakini bado watapanga upya nani mkubwa. Waingize wawili au zaidi, asiwe mmoja. Weka vyombo 2 vya chakula mbali mbali. Na kabla ya yote hayo, wageni wakae peke yao angalau wiki 3 mpaka 4, uwakague kama nilivyoeleza. Chawa na mafua mengi huingia bandani kwa kuku aliyenunuliwa vizuri tu.

*Baada ya kupaka dawa ya chawa mayai tunakula?*

Soma lebo, dada. Kila dawa ina muda wake wa kusubiri, nyingine siku 0, nyingine wiki, na nyingine hairuhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Kama chupa haina lebo, usiitumie.

*Mkuu, nikiwaachia taa usiku kucha si watataga zaidi?*

Hapana. Mtetea anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa jumla ili atage vizuri, na zinazobaki alale gizani. Ukitaka kuongeza, washa taa alfajiri kabla ya jua, kwa kuwa ikizimika ghafla jioni wanabaki sakafuni hawaoni pa kupanda. Jambo jingine: ganda la yai huchukua kama saa 20 kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku wakati gole halipokei kitu kipya. Weka kombe za baharini au maganda ya mayai, yakiwa yamesagwa, kwenye chombo chake peke yake tangu mchana, wale kabla ya kupanda. Wenye maganda laini watakuonyesha tofauti ndani ya wiki moja au mbili.