Namna ya kuyatazama madirisha ya vioo vya rangi ya Kanisa Kuu la Coventry

Panga kufika Coventry, Uingereza, asubuhi, siku yenye jua, na ukiweza usichague Jumapili, maana wenyeji wanakuwa kwenye ibada na wewe huwezi kuzungukazunguka. Saa nne ni wakati mzuri. Beba darubini ndogo, ile ya kutazamia ndege, kwa sababu madirisha haya yanapanda zaidi ya mita 20 na macho matupu hayafiki juu. Chukua na sweta, hata kama ni mwezi wa saba.

Naishi Birmingham, jirani na Coventry, na ndugu wanapokuja kututembelea kutoka Moshi huwa nawapeleka huko. Wengi wamelelewa kama mimi, katika makanisa ya Kilutheri ya mlimani, ambako picha ya dirishani ikiwepo ni ya mchungaji na kondoo wake, unaitambua ukiwa bado mlangoni. Sasa mama mdogo anasimama mbele ya dirisha la mwaka 1962, anauliza, "Huyu ni nani?" Hakuna mtu pale. Asipopata jibu anachoka, anatafuta benchi. Ndiyo maana naomba uanze na swali jingine: rangi gani iko wapi, na mwanga unatoka upande gani? Majina ya watakatifu yatakuja baadaye, pale yalipo.

Anzia nje, kwenye magofu. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zililipiga bomu jiji hili, na kanisa la zamani la Mtakatifu Mikaeli likaungua. Kuta na mnara vimesimama hadi leo, paa hakuna. Simama katikati uyatazame matundu ya madirisha ya zamani: fremu za mawe zipo, kioo kimekwisha. Kaa hapo kidogo. Basil Spence, msanifu aliyeshinda shindano la kujenga kanisa jipya mwaka 1951, aliamua magofu yabaki na kanisa jipya lisimame ubavuni mwake. Likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962.

Kati ya magofu na kanisa jipya kuna ukuta mzima wa kioo kisicho na rangi, uliochongwa watakatifu na malaika na John Hutton. Kioo alikisaga kwa gurudumu, kwa mkono wake, ndiyo maana miili yao ina mikwaruzo na wamekonda hivyo. Watazame kutoka ndani, ukiwa umeelekea nje, ili magofu yaonekane nyuma yao. Ukiwatazama kutoka nje tu, utaona kioo chenye michoro na kukosa jambo lenyewe.

Ukishaingia, geukia kulia. Hapo ndipo penye dirisha la ubatizo, lililochorwa na John Piper na kutengenezwa na Patrick Reyntiens. Limepinda kama upinde, limegawanywa na mawe kuwa vyumba 195, na hakuna chumba chenye picha ya kitu chochote. Kwa mtu wa kwetu ninalo neno moja tu: litazame kama kanga. Tafuta mji, tafuta pindo. Mji ni ule mwanga mkubwa mweupe na wa manjano katikati. Pindo ni buluu, nyekundu, kijani na rangi za udongo zinazokolea kadiri unavyokwenda pembeni. Ukishaona hivyo, huna haja ya maelezo marefu. Chini yake kuna jiwe la ubatizo, jabali lisilochongwa pande zake, lililoletwa kutoka Bethlehemu. Mwanga ule wa juu unashuka mpaka kwenye maji.

Dirisha hili linaelekea mashariki, na ndiyo sababu nimekuambia asubuhi. Jua la saa nne likipita humo, rangi zinamwagika sakafuni na juu ya nguo za watu. Siku ya mawingu zinakaa ndani ya kioo, zimetulia, na hapo ni rahisi zaidi kuona kazi ya fundi. Nimeyapenda yote mawili, ila mgeni wa siku moja nampeleka siku ya jua.

Sasa toa darubini, uchague chumba kimoja tu kati ya vile 195. Tafuta mistari myeusi: hiyo ni risasi, ile metali laini, iliyotengenezwa kuwa fito nyembamba zenye mifereji pande mbili inayoshika vipande vya kioo. Kisha jiulize rangi imefikaje humo. Katika vioo vya aina hii njia kuu ni tatu. Ya kwanza, rangi imo ndani ya kioo chenyewe, imetiwa kikiwa bado kimeyeyuka: kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau, dhahabu hutoa nyekundu ya waridi. Ya pili, kioo cheupe kimevikwa ngozi nyembamba ya rangi, halafu fundi ameila ngozi hiyo kwa asidi mahali alipotaka. Hapo utaona rangi ikififia taratibu bila mstari wa risasi kuikata. Ya tatu ni rangi nyeusi au ya kahawia iliyopakwa kwa brashi na kuchomwa tanurini hadi ikashikana na kioo. Ukiona alama za brashi, vidole au kitambaa, ni hiyo. Ukizijua njia hizi tatu unaweza kusimama mbele ya dirisha lolote duniani na kuwa na kazi ya kufanya.

Watu wengi hulipiga picha dirisha la ubatizo wakaondoka. Tafadhali usifanye hivyo, maana kwangu mimi kazi kubwa zaidi ya kanisa hili ni madirisha kumi marefu ya ukumbini, na yamefichwa makusudi. Kuta za pembeni zimekunjwa kwa pembe, na kila dirisha limegeuzwa kuangaza upande wa madhabahu. Ukiwa mlangoni unaona mawe matupu. Tembea polepole katikati, usigeuke nyuma. Ukikifikia kila kituo, jozi moja inajitokeza kushoto na kulia: kwanza kijani ya mwanzo na ujana, halafu nyekundu, halafu jozi ya rangi nyingi zinazogombana, ambayo ni mapambano ya utu uzima, halafu buluu na zambarau ya hekima, na mwisho dhahabu ya maisha yajayo. Upande mmoja ni habari za mwanadamu, upande wa pili ni za Mungu. Ukifika madhabahuni, ndipo ugeuke. Yote kumi yanakuwa mbele yako kwa mara ya kwanza. Spence alikusudia hivyo: mtu aone hatua aliyopo tu, na aione njia nzima akishaipita.

Mama mmoja wa kwaya nyumbani, mjane, aligeuka pale akakaa chini bila kusema neno. Sikumfasiria chochote. Na wewe ukiwa na mgeni, mwache.

Waliotengeneza yale kumi ni Lawrence Lee na vijana wawili, Geoffrey Clarke na Keith New, katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London. Kila mmoja alibuni matatu, na moja wakalibuni pamoja. Kwa darubini utaanza kutofautisha mikono yao. Usikimbilie kusoma kibao, kisie kwanza.

Kuna swali ambalo vijana huniuliza kila mara: mbona Yesu wa madirishani daima ni mzungu? Nawaambia kuhusu Birmingham nyingine, ile ya Alabama, Marekani. Tarehe 15 Septemba 1963 wabaguzi walilipua kanisa la Wabaptisti la Mtaa wa 16 na kuwaua wasichana wanne. Huko Wales, msanii John Petts alisikia habari akajitolea kutengeneza dirisha jipya. Gazeti likachangisha, na kiwango cha juu kwa mtu kikawekwa kidogo sana, nusu krauni, sarafu ya Uingereza ya wakati ule, ili liwe zawadi ya watu wengi wa kawaida na si ya tajiri mmoja. Dirisha liliwekwa mwaka 1965: Kristo mweusi, mikono imenyooshwa. Dirisha la namna hiyo, lenye mtu, lisome kwa mikono kabla ya uso. Mkono mmoja unaukataa uovu, mwingine unatoa msamaha.

Kuhusu picha za simu: zima flashi, haisaidii kitu na inawasumbua wanaosali. Gusa kioo cha simu pale dirisha linapong'aa zaidi, kisha ushushe mwanga mpaka rangi zirudi. Kuta zitakuwa nyeusi, na ni sawa. Piga kipande kidogo badala ya dirisha zima. Jozi za ukumbini piga ukiwa umesimama upande wa madhabahu.

Halafu nenda ukale, urudi alasiri, maana jua limehamia magharibi na madirisha ya upande ule sasa yamewaka. Mwezi wa kumi na mbili usichelewe: jua linazama karibu na saa kumi. Malizia katika Kanisa Dogo la Umoja, linalotazamana na dirisha la ubatizo. Lina umbo la nyota, na vioo vyake, kazi ya Margaret Traherne, ni vya aina nyingine kabisa: mabamba mazito yaliyopasuliwa kwa nyundo na kushikwa na zege, hakuna risasi. Kingo zilizovunjika ndizo zinazokamata mwanga, kwa hiyo usisimame mahali pamoja. Sogea hatua moja kushoto, moja kulia, uone rangi ikihama. Sakafu ya mozaiki unayoikanyaga ni zawadi kutoka Uswidi, na saa hiyo ya alasiri rangi za vioo huwa zinailalia.