SOMO: Umepewa timu ya mainjinia wa usalama kiwandani? Anzia kwenye mchoro, sio kwenye helmeti

Wakuu salama. Naandika hii mara moja ili kesho mtu akiniuliza nimuelekeze huku, maana kila wiki ni ile ile, "kaka nimekabidhiwa timu ya usalama nianzie wapi", na kabla sijajibu mtu ananiambia ameshaagiza helmeti na buti. Helmeti ni ya mwisho. Mimi ni injinia wa mitambo, tuko sita, kazi yetu kuchora na kurekebisha laini za kupakia mifuko ili mtu asiumie hata akiwa amechoka.

Hatua 1. Gawa kazi kwa mashine, sio kwa fani. Ukimpa wa umeme "usalama wa umeme" na wa mitambo "usalama wa mitambo", hatari iliyokaa katikati inakosa mwenyewe.

Hatua 2. Andikeni hatari za mashine ikizalisha, ikisafishwa, ikikwama na ikitengenezwa. Wengi wanaandika ile ya kwanza tu wanafunga daftari.

Hatua 3. Fuateni mpangilio wa ISO 12100, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine. Kwanza ondoeni hatari kwenye mchoro wenyewe, ikishindikana wekeni gadi (kizuizi cha kumkinga mtu asifikie sehemu ya hatari), kinachobaki ndio vibao na mafunzo.

Hatua 4. Kabla mchoro haujasainiwa, kaeni na watu wa shifti, HASA ya usiku.

Hapa ndipo nilipoharibu. Kiwanda kimoja cha unga, sikitaji, tulichora gadi ya konveya (mkanda unaobeba mifuko) nzuri kweli, bolti nane pembeni na mlango mbele wenye swichi, ukifungua tu laini inazima. Bosi akasaini, nikapiga na picha. Sikumuuliza opareta hata mmoja mfuko unakwama mara ngapi. Kumbe usiku mifuko ya karatasi ikishika unyevu inakwama kila dakika kumi hivi, na kuiwasha laini upya ni dakika nne, sasa piga hesabu mtu ana target yake ya tani atafanya nini. Wiki ya pili bolti zimebaki mbili. Swichi ile ina ulimi, kipande cha mlangoni kinachoingia ndani yake mlango ukifungwa; wiki ya nne ulimi wa akiba umechomekwa kwenye swichi na kufungwa waya, mlango uko wazi na mashine inaamini umefungwa. Kijana wa watu akapoteza ncha za vidole viwili akichomoa mfuko kwenye rola. Ripoti ikaandikwa "uzembe wa mfanyakazi" na mimi nikaisaini. Mpaka leo ile saini inanisumbua.

Kwa hiyo ANGALIENI:
- Ulimi wa akiba usikae kiwandani, wala kwenye droo ya fundi.
- Gadi inayofunguliwa kila siku isiwe ya bolti, iwe ya bawaba.
- Ulizeni kwanza kwa nini mtu anaingiza mkono. Sisi mwishowe tulipunguza mwinuko wa konveya, mifuko ikaacha kukwama, na gadi hakuna anayeigusa tena.

Hatua 5. Wakati wa matengenezo zimeni swichi kuu, kila mtu aifunge kwa kufuli lake, ufunguo mfukoni mwake. Kitufe chekundu cha dharura SIO kufuli, umeme bado upo, hewa bado imo kwenye silinda.

Hatua 6. Injinia wako akikataa mashine isiwashwe, simu ya prodakisheni ipokee wewe.

Hatua 7. Rudi baada ya mwezi, saa nane usiku, bila kutoa taarifa.

MASWALI

Mzee wa Dedlaini: Mkuu nirushie templeti ya tathmini ya hatari nijaze leo, wakaguzi wa usalama kazini, OSHA, wanakuja kesho.
— Hatua ya 2. Templeti sina.

Mzee wa Dedlaini: Sasa somo bila templeti la nini?
— Nikikupa utaandika hatari za mashine yangu. Nenda kasimame mbele ya yako nusu saa.

Supavaiza: Kwa heshima mkuu, wabongo hata uweke nini watachokonoa. Tatizo watu.
— Umesoma hatua ya 4 au umeruka? Mimi mwenyewe niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mtu hachokonoi kitu kisichomchelewesha.

Binti Mitambo: Kaka asante sana. Rola yetu baada ya kuzima inaendelea kuzunguka sekunde tatu. Mlango wenye swichi unatosha?
— Dada hautoshi, na umeuliza swali zuri kuliko wote. ISO 13855, kiwango cha umbali wa kuweka kinga, inahesabu mtu anasogea milimita 1600 kwa sekunde. Zidisha kwa 3 unapata 4800, yaani mlango ungekaa karibu mita tano kutoka kwenye rola, na hapo kuna nyongeza bado. Nafasi hiyo nani anayo? Weka mlango wenye loki inayogoma mpaka rola isimame kabisa, au breki kwenye mota halafu upime upya muda wa kusimama. Upime ikiwa na mzigo, na urudie kila baada ya muda maana breki inachakaa.

Binti Mitambo: Nimeelewa. Na grisi? Fundi anafungua gadi kila wiki kwa ajili ya beringi.
— Toa mrija wa grisi mpaka nje ya gadi. Bei yake ndogo sana.

Jirani wa Thika: Huku kwetu Kenya sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama mkiwa watu 20 kwenda juu, mimi huwapitishia mchoro kabla ya bosi. Pia tunapaka rangi ya chungwa upande wa ndani wa gadi, ikiachwa wazi unaiona ukiwa mlangoni.
— Hiyo ya rangi naiba.

Fundi Kufuli: Makufuli ya dukani yanafaa?
— Yale ya bei chee ufunguo wa moja unafungua la mwenzake. Nunua kumi, jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli hapo hapo kaunta.

Fundi Kufuli: Muuza duka atanifukuza.
— Mimi alinifukuza. Nikaenda la jirani.