Kabla hujaburuta folda ya programu kwenda diski D

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "C (diski yenye Windows) ilijaa, nikahamishia programu D, sasa hazifunguki." Mwenyewe aliingia Program Files, akakata folda, akaibandika D, akafurahi kuona nafasi. Kubofya ikoni, kimya.

Programu ya Windows haikai kwenye folda moja. Ukiisakinisha, anwani kamili ya folda yake huandikwa kwenye rejista ya Windows (daftari la mipangilio yake), kwenye njia za mkato, na pengine kwenye huduma zinazowaka pamoja na kompyuta. Folda ukiihamisha kwa mkono, anwani hizo hazibadiliki. Ni kama mpangaji aliyehama usiku bila kuaga: wageni wanazidi kubisha hodi kwenye chumba kitupu.

Kwa hiyo zifahamu folda zenyewe. Kwenye Windows ya biti 64, Program Files ni ya programu za biti 64, na Program Files (x86) ni ya zile za biti 32, ziache zilivyo. ProgramData, iliyofichwa, ina data inayotumiwa na watumiaji wote wa kompyuta. Lakini mimi C ikijaa huanza na AppData, nayo imefichwa, ndani ya folda ya mtumiaji. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %localappdata%, kisha Enter. Humo mna kashe za vivinjari (data ya muda wanayojihifadhia), na folda iitwayo Programs yenye programu zilizojisakinisha kwa ajili ya mtumiaji mmoja tu, bila kuomba ruhusa ya msimamizi. Mara nyingi mtu anahangaika na Program Files kumbe mzigo uko huku.

Hujui programu fulani imekaa wapi? Ifungue, nenda Task Manager, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Open file location".

Utakutana pia na C:\Windows\Installer, imefichwa na wakati mwingine ina gigabaiti nyingi. Usifute kitu humo. Windows huyahitaji mafaili hayo kurekebisha, kusasisha au kuondoa programu.

Mahali pa programu pachague siku ya kuisakinisha. Kisakinishi kikikupa "Custom" au "Browse", usibonyeze Next kwa mazoea. Mimi hutengeneza D:\Programu, kisha kila programu inapata folda yake ndani. Hapa angalia vizuri: visakinishi vingine, ukichagua D:\Programu, huongeza jina la programu vyenyewe; vingine humwaga mafaili yote hapo hapo. Ubaya wake utauona siku ya kuondoa, maana kuna viondoaji vilivyoandikwa ovyo ambavyo hufuta folda nzima uliyoichagua, na majirani wote waliomo. Soma anwani ya folda hadi mwisho. Iishie kwa jina la programu husika.

Tena si kila kitu kiende D. Program Files inalindwa: mtumiaji wa kawaida hawezi kubadilisha mafaili yaliyomo. Folda uliyoitengeneza mwenyewe D kwa kawaida haina ulinzi huo. Kwa hiyo kivinjari na programu ya kuzuia virusi naziacha C. D napeleka michezo na programu nzito za video.

Kama imeshasakinishwa, jaribu Settings, Apps, Installed apps: baadhi ya programu, hasa za Microsoft Store, zina kitufe cha "Move". Steam, programu ya kununulia na kuchezea michezo, nayo ina njia yake ya kuhamisha michezo, kwenye "Installed Files" ndani ya sifa za mchezo. Zilizobaki, iondoe programu na uisakinishe upya D. Inachosha, lakini ndiyo njia salama.

Ikishindikana kabisa, ndipo naunganisha folda, yaani anwani ya zamani ya C inaelekeza kwenye folda ya D. Tuseme programu inaitwa Mchoraji. Ifunge, nakili folda yake kwenda D:\Programu\Mchoraji, kisha ile ya C ibadilishe jina iwe Mchoraji-zamani. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

mklink /J "C:\Program Files\Mchoraji" "D:\Programu\Mchoraji"

Inatangulia anwani ya zamani, inafuata mpya. Sasa anayebisha C anafunguliwa D. Fungua programu, hifadhi kazi, washa kompyuta upya, jaribu tena. Yote yakienda sawa ndipo ufute Mchoraji-zamani. Usifanye hivi kwa diski ya nje inayochomolewa, wala kwa folda ya WindowsApps, zinamokaa programu za Microsoft Store. Na baada ya sasisho kubwa la programu hiyo, chungulia C: ikoni ya folda isipokuwa na kamshale kadogo, sasisho limeshairudisha programu C.