Corolla 110 inapozima kwenye foleni: safisha valvu ya sailensi kabla hujapandishiwa skrubu

Corolla yangu ni 110 ya 1997, injini 5A, gia otomatiki. Aliniachia marehemu baba, kwa hiyo siitazami kama chuma tu. Ilipoanza kunizimikia kwenye taa za Magomeni niliumia kweli. Gari lilikuwa likitembea vizuri tangu Kimara, lakini nikikanyaga breki huku AC inafanya kazi, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unashuka chini ya 500, usukani unatetemeka, halafu kimya. Nyuma daladala inapiga honi.

Gereji niliyokwenda kwanza haikufungua hata mpira mmoja. Fundi alichukua bisibisi, akakaza kiskrubu kilicho pembeni ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, na sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ikapanda. "Tayari, dada." Kesho yake gari likiwa baridi lilinguruma kwenye 1,500, nikiingiza gia ya D (ya kwenda mbele) linaruka kama limesukumwa. Na likipata moto, AC ikiwaka, bado lilizima.

Naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo wengi tunapoliwa hela. Ukitoa mguu kwenye mafuta, kisahani cha throto kinafunga. Injini inabaki hai kwa hewa inayopita pembeni, na valvu ya sailensi ndiyo inayopima hewa hiyo: inafunguka zaidi injini ikiwa baridi, AC ikiwaka au gia ikiingia. Kile kiskrubu kazi yake ni kuzuia kisahani kisikwaruze ukuta wa throto. Ukikikaza, kisahani hakifungi tena, na sensa ya throto inaweza kuiambia kompyuta kwamba bado umekanyaga mafuta. Kompyuta inaacha kusimamia sailensi kabisa. Umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi, sisi tunamwita Babu. Kabla ya kugusa valvu alinituma chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni. Injini ikiwa inaunguruma, tulipuliza kidogo kidogo kwenye mipira ya vakyumu (ile midogo inayovutwa hewa na injini) na kwenye maungio ya manifodi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), tukikwepa nyaya na ekzosi. Sauti ikibadilika mahali, hapo hewa inaingia, na utaosha valvu mpaka uchoke bila nafuu. Kwangu hakukuwa na mvujo. Angalia pia plagi na ea klina. Hizo ni dakika chache.

Kazi yenyewe ianze injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu maji ya rejeta yanapita ndani ya throto na yatakuunguza. Toa waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Vua mpira mkubwa wa hewa, waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, na soketi za umeme. Mipira miwili midogo ya maji iliyo chini, tulichomoa tukaiziba kwa bolti mbili ili kulanti, yaani hayo maji ya rejeta, isimwagike yote. Kisha fungua throto nzima kwa namba 12. Usijaribu kutoa valvu ikiwa bado kwenye gari. Imejificha chini, na skrubu zake za nyota zimekaa humo zaidi ya miaka 20.

Skrubu hizo ndizo zilizotuchelewesha. Babu alizimwagia mafuta ya kulainishia kutu, tukanywa chai, akaweka bisibisi inayokaa sawasawa kwenye nyota na kuigonga kichwani kwa nyundo kabla ya kuizungusha. "Ikiteleza mara moja, mwanangu, simama." Nyota ikishalika utaishia kutoboa kwa drili.

Ndani kulikuwa na masizi meusi yanayonata kama lami, na kile kipande kinachozunguka kilikuwa kimeganda nusu. Tulishika valvu tundu likiangalia chini, tukapuliza dawa ya kusafishia kabureta, tukasugua kwa mswaki wa zamani, tukarudia mpaka dawa ikatoka safi. Upande wenye koili ya umeme usiuloweshe. Wala usilazimishe kipande kwa bisibisi. Kikishakuwa safi, ukitikisa mkono kitacheza chenyewe. Tulipima na umeme: kati ya mguu wa katikati wa soketi ya valvu na kila mguu wa pembeni, mita ilisoma omu 20 na kitu pande zote mbili. Upande mmoja usiposoma kitu, koili imekatika na kusafisha hakutasaidia. Tafuta nyingine kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hata ya mtumba, lakini nenda na mita yako na uipime pale pale dukani.

Gasketi weka mpya. Usipakaze silikoni nyingi, kwani hapo njia ya maji na njia ya hewa ni majirani. Kipande cha silikoni kikiziba hewa umerudi ulikoanza, na gasketi ikivuja injini itanywa maji na kutoa moshi mweupe.

Kabla ya kurudisha throto, tulilegeza kile kiskrubu mpaka kisahani kikafunga, kisha tukakirudisha kidogo tu, kiasi kisahani kisikwame. Jaza kulanti, washa gari kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, hewa itoke. Dakika kumi za kwanza sailensi ilipanda na kushuka. Kompyuta ilikuwa inajifunza upya, usikimbilie bisibisi. Injini ilipopata moto, mshale ulitulia karibu na 750. Babu akawasha AC, mshale ukatikisika kidogo ukasimama. Akaingiza D mguu ukiwa kwenye breki. Halikuzima.

Kwa siku mbili zilizofuata nilifungua boneti kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikapitisha kidole chini ya throto kutafuta unyevu, na kutazama kiwango cha kulanti. Palikuwa pakavu.