Mita 60 za Ukingo wa Bwawa Zipimwe Aprili, Si Oktoba

Kila mvua za Desemba zinapoanza, kuna bustani zinazozama kandokando ya malambo na mabwawa ya mkoa wetu wa Dodoma, na wenye bustani hizo husema neno moja: "Bwana shamba, mimi niliacha zile mita 60." Na ni kweli waliziacha. Kamba ilivutwa, vigingi vikasimikwa, pengine na mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo akishuhudia. Tatizo ni kwamba walipima mwezi wa tisa au wa kumi, wakaanzia pale maji yalipokuwa siku hiyo.

Ndugu zangu wakulima, maji ya Oktoba si ukingo. Ukingo wa bwawa ni pale maji yanapofika likijaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na nyingine zozote zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 za kingo za mito, maziwa na mabwawa. Hilo wengi mnalijua, sitalirudia. Ninachotaka leo tuelewane ni mahali pa kuanzia kamba, kwa sababu hapo ndipo pesa za mbegu, mbolea na petroli zinapopotelea, na hapo ndipo mabwawa yetu yanapojaa tope.

Tufanye hesabu. Tangu Mei hadi Novemba hatuna mvua ya kutegemea. Jua na upepo wa kwetu hunyonya milimita 5 hadi 6 za maji kila siku kwenye bwawa lililo wazi. Kwa siku 200 za kiangazi, kina kinashuka mita 1 au zaidi, hapo bado hujahesabu ng'ombe, ndoo na pampu. Sasa tazama ardhi yetu ilivyo tambarare. Mahali ambapo ardhi inainuka mita 1 tu katika kila mita 100, kina kikishuka mita 1 maji yanarudi nyuma mita 100 nzima. Wewe mwezi wa kumi umeacha mita 60 kutoka kwenye maji hayo yaliyorudi nyuma. Aprili yakirejea mahali pake, mita 40 za mwanzo za shamba lako zimo ndani ya bwawa, na ukanda wa hifadhi haupo kabisa. Kwenye ardhi ya namna hiyo ulipaswa kuanza kulima mita 160 kutoka maji ya Oktoba. Mtera ndiko hatari zaidi: lile bwawa limepangwa kufanya kazi kati ya kimo cha mita 698.5 na mita 690 kutoka usawa wa bahari. Hiyo ni tofauti ya mita 8.5! Anayelima kwa kuyafuata maji ya Mtera yanaporudi analima sakafu ya bwawa.

Pima, basi, kati ya wiki ya mwisho ya Machi na katikati ya Aprili, mvua kubwa zikiwa zimepita na maji yako juu. Simika vigingi kwenye mstari wa maji kila baada ya mita 20, kwa sababu ukingo hauendi mstari mnyoofu, una kona na vighuba. Kisha kutoka kila kigingi vuta kamba ya mita 20 mara tatu kuelekea nchi kavu. Wasio na kamba wanatumia hatua, na hapa pia nimeona udanganyifu. Ekari ya kwetu ni hatua 70 kwa 70, na upande wake mmoja unakaribia mita 64. Kwa hiyo hatua 70 kubwa, zilezile unazotumia unapokodi shamba la alizeti, zinatosha. Lakini mtu yuleyule anayetanua miguu akipimiwa ekari ya kununua, akija kupima ukanda wa bwawa anatembea kama bibi harusi. Acheni mchezo huo. Tumieni kamba.

Kama Aprili imekupita na uko kwenye kiangazi, ukingo bado unasomeka. Kwa bwawa la kujengwa, kazi ni nyepesi: maji yakijaa hayapiti kimo cha kizingiti cha utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, ila kwa muda mfupi wakati wa mafuriko. Mwiteni fundi mwashi wa kijijini na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, ahamishe kimo cha kizingiti hicho kuzunguka bwawa, mweke mawe. Ni kazi ya siku moja, au mbili kama bwawa ni kubwa. Kwa mbuga, yaani ardhi ya bondeni inayotuama maji, na mabwawa ya asili, tafuteni mstari wa takataka, yale mabua na vijiti vilivyoachwa na maji ya mwisho, na alama ya tope kwenye mashina ya migunga. Angalieni pia pale matete, mafunjo na ndago vinapokoma na majani ya nchi kavu yanapoanza. Ukibaki na shaka, chimba shimo la sentimita 30. Udongo wa kijivu wenye madoadoa ya rangi ya kutu ni udongo unaokaa ndani ya maji sehemu ya mwaka, kwa hiyo sogea juu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka dalili hiyo ya kutu haionekani vizuri, hapo tegemea takataka na majani.

Kwa makorongo, neno moja. Ukingo wa korongo ni mdomo wake wa juu, si mchanga wa chini. Anayepima kuanzia katikati ya mchanga amejipunja mwenyewe, maana mdomo wa korongo ndio unaobomoka.

Nasikia hoja hii kila mahali: "Maji yameondoka, ardhi iko tupu, ina unyevu, tuiache bure?" Naielewa. Nyanya ya Septemba ina bei, na familia inataka kula. Lakini udongo ule unaoulegeza kwa jembe mwezi wa tisa hauna mzizi wa kuushika Desemba. Mvua ya kwanza kwetu haiji taratibu, inakuja kwa nguvu juu ya ardhi iliyo wazi. Ikichukua sentimita 1 tu ya udongo katika ekari moja, zimeingia bwawani mita za ujazo 40, na kila mita ya ujazo ya tope imekalia nafasi ya lita 1,000 za maji. Hiyo ni lita 40,000 ambazo mwakani hazitakuwepo kwa ng'ombe wako wala kwa nyanya zako. Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957, tope tunaliona kwa macho. Bahi nako kuna jambo zito zaidi. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, na maji ya Bahi hayana njia ya kwenda baharini. Yanatoka kwa kukauka tu. Tope na chumvi vilivyoingia havitoki. Tena mvua ikinyesha Kondoa, Bubu unaweza kukuletea maji Bahi mbingu ikiwa nyeupe juu ya kichwa chako, bustani ya ukingoni ikaenda usiku mmoja.

(Wa majaruba ya mpunga Bahi wasinielewe vibaya. Kilimo chao kina skimu na taratibu zake. Ninachokataa hata huko ni kuchimba mifereji ya kukausha mbuga ili kuongeza shamba la mahindi. Ukikausha sehemu ya juu, jirani wa chini anakosa maji ya mpunga mwezi Machi.)

Ndani ya zile mita 60, jembe lisiguse. Majani yaliyopo yanatosha, na hakuna haja ya kupanda kitu cha gharama. Msiyachome moto. Kukata kwa ajili ya mifugo kunafaa kuanzia Juni, mbegu zikishadondoka, na yaacheni majani urefu wa sentimita 15 hadi 20. Anayekata mpaka chini amefyeka ukanda, asituambie amevuna. Mizinga ya nyuki inafaa sana humo. Mikaratusi haifai, inakunywa maji mengi mno. Ng'ombe wapite njia moja tu hadi mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iliyojengwa nje ya ukanda, si kuingia bwawani kila upande, maana kwato zao zinalegeza ukingo kama jembe.

Mpaka wa juu, kwenye mita ya 60, upandeni minyaa. Kata vipande vya sentimita 50, viacheni kivulini siku mbili utomvu ukauke, kisha pandeni kwa umbali wa nusu mita mwezi Desemba au Januari. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha, kwa hiyo watoto wasitumwe kazi hiyo. Minyaa usiipande kwenye mstari wa maji, itaoza. Kule wekeni mawe.

Pampu ndiyo inayoleta ugomvi. Mnasema haiwezi kukaa mita 60 kutoka kwenye maji, na mnasema kweli: pampu hizi za petroli hazivuti maji kwa kimo cha zaidi ya mita 6 au 7, na mpira mrefu wa kuvutia unazidi kuidhoofisha. Ipelekeni karibu na maji wakati wa kumwagilia, ikae ndani ya beseni pana la kukinga mafuta yanayovuja, na ukimaliza irudi nyumbani. Petroli na oili zijazwe kwenye pampu nje ya ukanda. Kuchanganya dawa na kuosha bomba la kupulizia, vivyo hivyo, nje ya ukanda. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya bonde lenu: Bahi iko Bonde la Kati, Hombolo iko Wami/Ruvu, Mtera iko Rufiji. Msiende bonde lisilo lenu mkarudi mnalalamika.

Mkifanya hivi mtaona maji ya kingoni yanakuwa meupe tena siku chache tu baada ya mvua, na lambo linafika mbali zaidi katika kiangazi.

Kwa ambao tayari wana mazao ndani ya ukanda sasa hivi: vuneni kilichopo, lakini msing'oe mashina. Kateni usawa wa ardhi, mizizi ibaki ishike udongo. Matuta ya bustani yaliyoelekea bwawani yasawazishwe kabla ya Novemba 15, la sivyo yatakuwa mifereji ya kupeleka tope. Tawanyeni mabua juu ya ardhi iliyo wazi, na majani yatakayoota msiyakate hadi msimu mzima wa mvua upite. Kisha Machi ikikaribia kwisha, mje na kamba, jirani wa pande zote mbili, na mtendaji wa kijiji, mpime pamoja siku moja.